Jicho la Saa Nane

Ugonjwa wangu unatunza saa kuliko feri ya Mbita. Msimu wake ukifika, kila siku saa nane mchana jicho langu la kulia linaanza kutoa machozi peke yake. Linakuwa jekundu, kope inalegea, pua ya upande huo inachuruzika. Kisha maumivu yanaingia nyuma ya jicho. Nimezaa watoto wanne, na afadhali niwazae wote tena kwa siku moja kuliko saa moja ya kichwa hiki.

Daktari wa hospitali ya Kombewa alinitajia jina la ugonjwa huu, akanivalisha barakoa ya oksijeni, na baada ya robo saa nikawa mtu tena. Lakini mimi naishi Luanda Kotieno, na mtungi ule haubebwi kikapuni. Kwa hiyo nina barafu ya samaki niliyoifunga kwa kitambaa, na stoo ambamo natembea hatua nne kwenda, nne kurudi, nikipiga ukuta kwa ngumi.

Hayo nayavumilia. Nisichovumilia ni sahani. Nauza ugali na samaki wa kukaanga, na hapa kwetu jicho linaloharibu chakula tumboni mwa anayekula lina jina: sihoho. Mvuvi aliyekula kwangu miaka mingi alifunika ugali wake kwa mkono.

"Mama, angalia kando kwanza, sisi tumalize."

Niliangalia kando. Nilitamani kummwagia mafuta ya moto.

Mke wa mwanangu nilimweleza yote aliyosema daktari. Aliitikia kwa upole, kisha akaanza kumlisha mjukuu wangu kwa jirani.

Wiki ya sita msimu ulikoma, jicho likawa jeupe. Jumapili akamleta mtoto, nadhani kwa kunihurumia. Nilimchambulia samaki aina ya ngege, nikatoa miiba yote, nikamtazama akila mpaka nikashiba mimi. Jioni alishika tumbo, akalia.

Mama yake alimpakata, akamkanda tumbo. Mimi ndiye niliyeinuka, mimi niliyefundishwa jina la ugonjwa wangu hospitalini, nikafunika jicho la kulia kwa kiganja na kutoka nje.

Baadaye mtoto alikiri: alikuwa amekula maembe mabichi njiani. Tulicheka. Lakini siku hizi akija namwandalia, namwekea sahani mezani, halafu naenda kukaa stoo mpaka amalize.