Mguu wa Mzee Yeremia na Hesabu ya Mgambo

Mwanangu, mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Nilianza na matenga mawili ya kuku nyuma ya baiskeli, Iguguno mpaka mjini Singida, na leo mashine ya alizeti inayounguruma pale barabarani ni yangu. Darasa la nne sikulimaliza. Lakini wewe umechaguliwa kwenda kusomea uganga wa hospitali, na ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda. Kaa nikuambie.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu kilitakiwa kitoe mtu wa kufundishwa huduma za afya, wakanichagua mimi. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na sauti, na kwenye mgambo mimi ndiye niliyehesabu hatua za kwata. Tukapelekwa hospitali wiki sita, mimi na wenzangu wa vijiji vingine. Huko alikuwepo daktari wa Kichina, mtu mwembamba asiye na haraka, akitufundisha mazoezi wanayoyaita taichi, ili nasi tukawafundishe wazee na walioumia viungo. Unapiga hatua polepole, uzito unauhamisha kutoka mguu huu kwenda ule, kama mtu anayevuka korongo lenye maji ambayo hajui kina chake. Siku ya tatu nikatangaza nimeshaelewa. Kumbe nilikuwa nimeelewa mikono tu.

Nyumbani nikamkuta Mzee Yeremia. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa la tembe lake akitandaza udongo, akaumia nyonga, sasa anatembelea fimbo.

"Kijana," akaniambia, "nifikishe zizini tu, kwa miguu yangu. Ng'ombe wangu nasimuliwa habari zao kama wa jirani."

"Mzee, hiyo ni kazi ya wiki moja," nikamjibu. Mdomo wangu ulikuwa hivyo.

Siku ya kwanza niliwapanga wazee sita mbele ya ofisi ya kijiji. Watu wakaja kutazama. Tukaanza polepole, kama nilivyofundishwa, na mama mmoja akauliza kwa sauti, "Hawa wanafanya mazoezi au wanasinzia?" Wakacheka. Nikaona aibu, mwanangu, mimi mtu wa kwata. Nikaanza kuhesabu kimgambo. Moja, mbili, moja, mbili. Watu wakapiga makofi, nami nikaongeza mwendo. Niliposema "nyuma geuka," Mzee Yeremia aligeuka fimbo ikiwa hewani. Akaangukia nyonga ileile. Hakupiga kelele. Makofi ndiyo yaliyokatika.

Nilikodi gari, nikampeleka hospitali mwenyewe. Mchina alimpapasa nyonga muda mrefu, hakunitazama. Aliyeniuliza ni Sista Paulina, muuguzi mkuu.

"Ulipokuwa unahesabu, ulikuwa unamwangalia nani?"

Nilikuwa nawaangalia watu.

Adhabu yangu haikuwa matusi. Daktari aliweka kigoda kando ya kitanda cha mzee, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Yeye simama, wewe simama. Yeye kaa, wewe kaa." Siku tisa, mwanangu. Chakula kikipoa, kinapoa. Mzee mwenyewe akawa ananitania, "Haya, kamanda, leo mbona huhesabu?" Siku ya saba aliomba kusimama. Nikasimama naye, kwa mwendo wake, na kwa mara ya kwanza nikaona uzito unavyohama kwenye mguu unaoogopa. Hilo ndilo somo nililodai nimelielewa siku ya tatu.

Zizini alifika, lakini ilichukua miezi mitano, si wiki. Asubuhi ile nilitembea nyuma yake hatua kwa hatua, mdomo nimeufunga.

Basi nawe ukafanye hivi: mwendo ni wa mgonjwa, si wako. Macho yako yawe kwenye mguu wake, watazamaji wacheke wanavyotaka. Na usiseme umeelewa kitu mpaka aliyeumia amekifanya bila kuanguka.

Nenda salama. Mungu akupe mikono mitulivu, na somo hili alikupe bure. Mimi, ukijumlisha gari la kwenda na kurudi, na mchungaji wa ng'ombe niliyemwekea mzee kwa miezi ile yote, lilinigharimu shilingi mia nne na kumi na mbili na senti hamsini.