Barua Iliyokaa Ndani ya Biblia

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimekaa kitandani katika chumba nilichopanga Kaloleni, mjini Arusha, redio iko dirishani, nami naimba. Mahubiri yalikuwa yamekwisha na kwaya ilikuwa ikiimba wimbo ninaoujua, basi nikaufuata. Betri zikachoka, redio ikazima, mimi nikaendelea. Jirani yangu Bi Mwanahawa, mama wa Kitanga aliyekuwa akipika vitumbua uani, akaniita.

“Jirani! Huo wimbo mbona hauna kichwa wala miguu? Unapanda ngazi moja, unashuka moja, basi!”

“Hiyo ni besi, Bi Mwanahawa. Mimi naimba sauti ya chini. Wengine wakiingia na sauti zao ndipo wimbo unajulikana.”

“Aa, kumbe. Na hao wengine wako wapi?”

Nikacheka, naye akacheka, akageuza vitumbua vyake. Lakini swali lake lilibaki chumbani kwangu baada ya kicheko kuondoka. Limebaki nami mpaka leo, na juzi limeamka tena ulipokuja kunijulia hali. Uliniambia, “Mjomba, mimi siku hizi nasali kwenye simu. Huko Themi niko na chumba changu, nachagua mhubiri ninayemwelewa, nikimaliza nafua nguo zangu.” Sikukujibu pale pale, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa najitazama mwenyewe, ila wewe umevaa gauni na redio yako imekuwa nyembamba.

Ngoja nikueleze nilivyofika kwenye chumba kile.

Kwetu ni juu mlimani, kwenye migomba na kahawa, pale ambapo asubuhi ya Julai ukungu wa Meru unashuka mpaka mlangoni. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu, na alikuwa mwimbaji wa besi. Nilipobalehe na sauti yangu ikavunjika, aliniweka kwenye benchi la nyuma karibu naye, akanifundisha kuusikiliza wimbo kwa chini. Nilijivuna sana. Mwalimu wa kwaya alikuwa Naftali, kijana aliyenizidi miaka michache tu, mwenye sikio kali na ulimi mkali kuliko sikio. Siku moja ya mazoezi nilichelewa kuingia mara tatu katika wimbo mmoja. Akasimamisha kwaya yote.

“Elisa,” akasema, “wenzako wameshafika mjini, wewe bado unafunga viatu!”

Wakacheka wote, hata wasichana wa soprano, na humo alikuwamo mmoja ambaye sikutaka acheke. Nilitoka nje, sikurudi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kweli Naftali alijikwaa. Lakini mimi niliyekwazwa nililitunza donda lile, nikawa nalifunika na kulifunua kila wiki nione kama bado lipo.

Baada ya miezi michache nilipata kazi kwa seremala mmoja wa Levolosi. Baba hakunizuia. Alikwenda kwa mwinjilisti wetu, Mzee Eliamani, akaniombea barua ya uhamisho, kama ilivyo desturi yetu. Mkristo akihama hatoki kama mbuzi aliyekata kamba. Anapewa barua inayosema huyu ni wetu, amebatizwa, amepata kipaimara, mpokeeni. Baba alinikabidhi bahasha imefungwa, akasema, “Jumapili ya kwanza, kabla hujazoea kutokwenda.”

Nikaitia ndani ya Biblia yangu. Nayo ikakaa humo miaka mitatu.

Usidhani nilimwacha Mungu. Hili ndilo linalonishangaza ninapokumbuka. Nilisoma kila asubuhi. Nilisikiliza mahubiri redioni, na nikwambie ukweli, mhubiri yule alikuwa fundi kuliko Mzee Eliamani, ambaye alizoea kurudia hadithi ileile ya kondoo aliyetumbukia mferejini. Chumbani kwangu hapakuwa na mtoto aliyelia wala matangazo marefu, wala Naftali. Nikajiona nimefika. Bi Mwanahawa alikuwa akinitania, “Mume wangu Ijumaa hafungui duka mpaka arudi msikitini. Wewe ni Mkristo wa aina gani, wa chumbani kama nguo za ndani?” Namwambia Mungu yuko kila mahali. Naye anajibu, “Yeye yuko. Nimeuliza wewe uko wapi.”

Kulikuwa na jambo moja tu dogo lililokuwa likinikera. Kila nilipofika kwenye sala ya Bwana nilijikwaa kwenye neno la kwanza. Baba yetu. Yetu na nani? Chumbani nilikuwa mimi na redio. Siku moja, kwa udadisi tu, nilijaribu kuisali kwa namna yangu. Baba yangu. Unipe leo riziki yangu. Ikaenda vizuri mpaka pale pa kusamehe, kama mimi ninavyowasamehe walionikosea. Aliyenikosea alikuwa mlimani, nami nilikuwa nimepanga maisha yangu nisikutane naye tena. Nilifunga Biblia, bahasha ikachungulia ukingoni, nikaisukuma ndani kwa kidole.

Ndipo ikaja habari kwamba baba amepooza upande mmoja.

Nilipanda mlimani siku hiyohiyo. Nilimkuta amelala, mdomo umepinda kidogo, mkono wa kulia umekufa, lakini macho ni yaleyale. Mama alikuwa akimlisha loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa, iliyolainishwa kwa maziwa mengi, kijiko kwa kijiko. Nikamwamkia. Akanitazama, akasema kwa shida, neno moja moja:

“Barua. Uliipeleka?”

Mwanangu, ningeweza kusema hapana. Ni neno jepesi. Lakini nilimwona alivyo, nikaogopa kumuumiza, nikasema, “Niliipeleka, baba.”

Akafumba macho. Nilidhani ameridhika.

Alasiri ile watu wa jumuiya ya kanisa walikuja, kama walivyokuwa wamekuja jana yake na juzi yake. Mmoja alileta kuni, mwingine ndizi, mwingine mikono mitupu. Wakasali, wakaimba. Nilisimama mlangoni nikitaka kuomba kwa ajili ya baba yangu, na sala haikuja. Maneno niliyokuwa nayo yote kutoka redioni yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa ya mtu mwingine. Bibi kizee mmoja asiyejua kusoma alimwombea baba kwa jina, akayataja magoti yake, akamtaja ng’ombe wetu aliyekaribia kuzaa, kisha akasema, “Na Elisa wetu aliye mjini, ambaye tunamtaja kila Jumapili.” Hakujua kuwa nimesimama nyuma yake.

Kila Jumapili! Nilitoka nje. Mzee Eliamani akanifuata mpaka kwenye mfereji, akasimama ng’ambo.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Barua yangu iko wapi?”

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba ni fupi kiasi kile. “Mzee, nimeshamwambia baba kuwa…”

“Mama yako ameniambia ulichomwambia. Sasa nisikilize. Ile barua chini yake ina kipande cha kukata. Usharika unaokupokea unaandika pale kwamba umefika, unakirudisha kwangu. Baba yako ni mzee wa kanisa, anakijua kipande kile kuliko anavyoijua sahihi yake. Miaka mitatu, kila Jumapili baada ya ibada, ananiuliza, ‘Eliamani, jibu la Arusha limekuja?’ Namwambia bado. Anasema, ‘Usilifute jina lake, labda ni posta.’ Miaka mitatu anailaumu posta, Elisa. Posta haina kosa.”

Nilihisi maji ya mfereji yamepita kifuani. Kumbe baba alikuwa akijua tangu mwanzo, na aliponiuliza alikuwa ananifungulia mlango, nami nikaufunga.

“Lakini Mzee,” nikasema, kwa sababu ujana hauishiwi na hoja, “mimi sikumwacha Mungu. Anajua nilipo.”

“Anajua. Kwani barua ile niliiandika kwa Mungu? Mungu hahitaji nikutambulishe kwake. Niliwaandikia watu. Ulikuwa umebeba watu wote wale ndani ya bahasha, wakusubiri, wakufundishe, wakukosee, uwakosee, msameheane. Wewe ukawatia kwenye kitabu kama ua lililokauka.” Kisha akapunguza sauti. “Baba yako hana siku nyingi. Nenda.”

Nilikwenda. Jumapili iliyofuata nilivaa shati langu moja zuri, nikatembea dakika kumi mpaka kanisani. Dakika kumi, mwanangu! Ndio umbali nilioshindwa miaka mitatu. Mzee wa zamu pale mlangoni alipokea bahasha, akaigeuza, akaisoma tarehe, akanitazama.

“Kijana, ulikuja kwa magoti?”

Nilitamani kugeuka. Kicheko kingine tena, nikawaza, yaleyale. Lakini alikuwa ameshanishika mkono ananiingiza. Jina langu lilisomwa mbele. Nikasimama, watu wakanigeukia, na mama mmoja mnene wa benchi la tatu akasogea, akapigapiga nafasi kando yake kama mtu anayemwita mtoto wake. Hakuniuliza lolote. Mahubiri yalikuwa marefu na ya kawaida. Mtoto alilia kutoka mwanzo hadi mwisho. Wimbo ulipoanza nikaingia na besi yangu, na ghafla juu yangu kulikuwa na sauti tatu nyingine, na wimbo ukajulikana. Nililia hadharani, mimi niliyeondoka mlimani kwa kuogopa kuchekwa.

Sikuisubiri posta. Niliwaomba wanipe kipande kile mkononi, nikapanda nacho Jumatatu. Nilipiga magoti kando ya kitanda.

“Baba, nilikudanganya. Sikuwa nimeipeleka. Nimeipeleka jana.”

Akanyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akakichukua kipande kile, akampa mama. “Soma.” Mama akasoma. Yalikuwa maneno machache tu, kwamba fulani amepokelewa, na sahihi. “Tena,” akasema baba. Mama akasoma tena. Upande wa mdomo wake uliokuwa hai ukatabasamu, akasema, “Nilisema ni posta.”

Wanakwaya walikuja alasiri, na Naftali mbele yao. Tulitazamana juu ya kitanda cha baba. Nilikuwa nimepanga maneno, naye nadhani alikuwa ameyapanga yake, kwa sababu sote tulifungua vinywa pamoja tukavifunga pamoja. Mwishowe akasema, “Kumbe safari hii umefunga viatu miaka mitatu.” Nikacheka mpaka nikashika ukuta, naye akanivuta begani, akasema kwa sauti ya chini, “Siku ile nilikosa, ndugu yangu. Nisamehe.” Nikamwambia na mimi nilikosa. Tukaimba. Baba hakuweza kuyafuata maneno ya wimbo, lakini nilimsikia akivuma chini kabisa, chini ya sauti yangu, akinisubiri niingie.

Alituacha kabla ya mahindi kukomaa. Kipande kile cha karatasi mama alikikuta chini ya mto.

Sasa nirudi kwenye simu yako, mwanangu. Sikuambii uiache. Mimi mwenyewe redio yangu bado iko dirishani, na mwenye kiu hachagui kikombe. Mgonjwa asiyeweza kutembea, mlinzi aliye zamuni Jumapili, hao watasali nyumbani na kanisa liwafuate. Lakini wewe una miguu. Mhubiri wako wa kwenye simu ni fundi, nakubali. Je, anajua kuwa wiki jana uliumwa jino? Ukikosa Jumapili moja, ataulizia? Na wewe unambebea nini? Jifya moja haliinjiki chungu. Imani yako si yako peke yako. Kuna chungu cha mtu mahali fulani kinayumba kwa sababu wewe ndiwe jifya la tatu na hujafika.

Nasaha yangu ni hii, nami naisema wazi ili usije ukasema mjomba alizunguka. Tafuta usharika ulio karibu, hata kama mwinjilisti wake anarudia hadithi ya kondoo. Omba barua yako ya uhamisho, uipeleke Jumapili ya kwanza. Jiunge na jumuiya ya mtaani, wakujue kwa jina, wakuone ukiwa umekasirika. Watakukosea, hilo nakuahidi, kwa maana kanisa limejaa watu wa aina yangu na ya Naftali. Wakikukosea usihame, baki ujifunze lile neno nililojikwaa nalo chumbani. Bwana wetu alitufundisha kusali “Baba yetu”, na mpaka uzeeni huu bado naendelea kugundua ni wangapi walio ndani ya neno hilo. Kila nikidhani nimewamaliza, anaingia mwingine, ananisogeza kwenye benchi.

Mungu aliyekuita kwa jina akupe watu watakaokuita kwa jina. Akupe bega la kuegemea na bega la kuegemewa. Akupe sauti yako, iwe ya juu au ya chini, na siku jirani atakapokusikia ukiimba na kukuuliza wengine wako wapi, uwe na mahali pa kumwonyesha kwa kidole. Amina, mwanangu. Nenda na amani.