Siku Nilipowapelekea Mawakala Tumaini la Kilolo

Jamani, aibu hii nilikuwa nimeikalia kimya miezi saba, na ningeendelea kuikalia mpaka naingia kaburini kama Salma asingeenda kuisimulia kwenye kichen pati ya binamu yake, tena akaisimulia vibaya, eti nilipanda jukwaani nimevaa gauni la picha za viazi (lilikuwa gauni la kitenge lenye maua ya njano, basi), kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe niliyeumbuka.

Mimi naitwa Edina, ni fundi cherehani pale Ipogolo, Iringa, na pia ni mwandishi. Hilo la pili huwa nalisema kwa sauti ya chini. Nimeandika riwaya moja, inaitwa *Tumaini la Kilolo*, habari za binti anayeitwa Tumaini, anateremka kutoka kwao Kilolo kuja Ipogolo, anakutana na dereva wa lori, na yanayofuata mnaweza kuyakisia wenyewe. Miaka minne nimeiandika, katikati ya sare za kwaya na sketi za shule, nikaituma kwa wachapishaji watatu na hakuna aliyejibu, hata kusema hapana hakusema. Ndipo nikasoma kwenye simu ushauri kwa waandishi chipukizi: usihangaike na mchapishaji, tafuta wakala, yeye ndiye atakayekupigia debe na kukufungulia milango.

Sasa kutafuta wakala Ipogolo si mchezo. Ukimwambia mtu unatafuta wakala anakunyooshea kidole kwenye mwavuli wa kutolea pesa. Nilimuuliza hadi mwinjilisti wetu, mtu msomi kabisa, akaniangalia kwa upole akasema, "Unatuma au unatoa?" Nikachoka. Nikajiwekea nadhiri kwamba mwaka ule ukiisha sina wakala, basi, uandishi naacha, na mswada wangu wote naukata uwe karatasi za kupimia kola na mifuko. Na mwenzenu nikiweka nadhiri huwa naitimiza.

Mwaka ulikuwa umebakiza wiki chache Salma aliponitumia picha. Salma ni shoga yangu tangu sekondari, siku hizi anauza vitenge Mwanjelwa, kule Mbeya. Picha ilikuwa ya bango kubwa nje ya ukumbi mmoja Uyole, ameipiga akiwa ng'ambo ya barabara, na lori la mizigo limepita likafunika nusu ya chini ya bango. Nusu ya juu ilisomeka vizuri: MKUTANO MKUU WA MAWAKALA, NYANDA ZA JUU KUSINI. Chini yake akaandika, "Shoga, si unatafuta wakala? Hawa hapa, ukumbi mzima! Ni Jumamosi."

Nisikilizeni vizuri hapa, maana balaa lote lilianzia hapa. Tuna kundi letu la waandishi kwenye simu, watu kumi na mmoja, na ningeweza kuituma ile picha pale nikauliza, "Wenzangu, hawa ni mawakala wa nini?" Mmoja tu angenijibu na yangeishia hapo. Lakini choyo kikanishika. Nikawaza, tukienda kumi na mmoja, atakayechukuliwa ni yule mwalimu wa Makambako anayejua kuongea. Nikaifuta ile picha kwenye simu yangu, hata mume wangu sikumwonyesha, nikamwambia naenda Mbeya kumsalimia Salma, nikapanda basi Ijumaa na mswada kwenye mfuko wa salfeti ili usilowe.

Jumamosi asubuhi nikafika Uyole nimenyooka. Ushauri wa kwenye simu ulisema usijishushe, ongea kwa kujiamini, eleza kazi yako kwa sentensi chache, na kamwe, kamwe usimwambie mtu mwisho wa hadithi. Yote nilikuwa nayo kichwani. (Bango sikulitazama. Mtu anayejiamini anatazama mlango.) Mlangoni alikaa binti mwenye daftari.

"Karibu mama. Unatoka wapi?"

"Iringa."

"Umetuletea nini?"

"Tumaini la Kilolo," nikasema, kidevu juu.

Akaandika. "Ni mpya?"

"Mpya kabisa. Haijawahi kutoka."

"Jamani! Basi nakuweka kwenye orodha ya wanaopanda mbele," akasema, akanivalisha kofia ya kijani juu ya nywele nilizozisuka kwa saa tano. Miaka minne ya kuomba, leo nawekwa mbele bila hata kuulizwa jina!

Ndani nikaona meza ndefu imepangwa sahani, na kila sahani ina viazi mviringo, vibichi, na kikaratasi. Nikasema kimoyomoyo, mbona chakula chenyewe hakijapikwa, labda ndiyo mapambo ya watu wa Mbeya. Nikakaa karibu na mama mmoja mnene mchangamfu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema yeye anaitwa Mama Bupe, ana duka kule Isyonje, na msimu uliopita peke yake alimaliza tani nne. Tani nne za vitabu, Isyonje! Nikamshukuru Mungu aliyenichagulia kiti.

Akasimama bwana mrefu, mtaalamu, kiazi mkononi, akaanza kufundisha. Na mimi, kwa kuwa nilishaamua kwamba hawa ni mawakala wa vitabu, nikaamua pia kwamba huyu bwana anasema kwa mafumbo. Akasema, "Ukipanda takataka utavuna takataka." Nikaandika, nikapiga mstari. Akasema, "Kata majani wiki mbili kabla ya kuvuna, ngozi ikomae." Nikaona mwanga: majani ni maneno ya ziada, ngozi ni jalada! Akasema, "Mche ukinyauka usiuonee huruma, ng'oa pamoja na udongo wake," nami nikaandika, "Sura ya tisa, mjomba mlevi, ng'oa." Mama Bupe alichungulia daftari langu, akasoma, akanitazama kwa huruma kidogo, nadhani alidhani nina matatizo ya kifamilia.

Kisha mwenyekiti, Mzee Ambakisye, mzee mfupi mwenye sauti ya ngoma, akasema, "Sasa tumsikie mwenzetu wa Iringa, ametuletea Tumaini la Kilolo." Wakapiga makofi. Nikapanda jukwaani na mfuko wangu wa salfeti, na naapa sikutetemeka hata kidogo.

"Kamweneeni wote," nikaanza kwa salamu ya kwetu, wakacheka vizuri, wakaitikia. "Tumaini la Kilolo limenichukua miaka minne. Nimelirudia mara sita, kila mara napunguza kilicho dhaifu. Mwaka huu ndiyo nimeridhika kwamba limekomaa."

Makofi tena. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Mnajua raha ya kupigiwa mluzi na mawakala?

"Dada," akasimama kijana mwenye koti, "inapenda baridi au inaweza na joto?"

Nikaona swali zuri sana, la mtu anayejali mazingira ya hadithi. "Anaanzia kwenye baridi, Kilolo, kwenye ukungu. Halafu anashuka Ipogolo kwenye joto."

Ukumbi ukavuma. "Ipogolo?" akauliza Mzee Ambakisye. "Kule bondeni? Na hafi?"

"Anateseka sana, lakini hafi."

Wakaanza kuandika. Wote! Kalamu zinakimbia. Nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Anaipenda mpaka anaiita mtu." Nikatabasamu, nikajua nimeshapata wakala, labda wawili, nikaanza hata kuwaza nitamkataa nani kwa adabu.

"Sasa," akasema yule wa koti, amekaa ukingoni mwa kiti, "huko Ipogolo anazaa?"

"Anazaa," nikasema, nikashusha sauti, maana hapo ndipo penye uchungu. "Anazaa mapacha."

Kalamu zikasimama.

"Wawili?" akasema Mzee Ambakisye.

"Wawili."

"Wawili *tu*?"

Basi ukumbi mzima ukaguna, ile miguno ya goli lililokoswa. "Aa, dada, umetutoa mbali bure!" "Hata mbegu ya bibi yangu inatoa kumi!" "Shina zima, wawili?" Nikapandwa na hasira ya kimama, nikamtetea binti yangu kwa sauti. "Kumi! Nyinyi wanaume mnaongea tu, mnajua uchungu wa kuzaa kumi? Msichana wa miaka kumi na tisa, ametelekezwa na dereva wa lori, mlitaka azae kumi?"

Mzee Ambakisye akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa.

"Mwanangu," akasema taratibu, "huyu dereva wa lori anaingiaje kwenye viazi?"

Nikatazama zile sahani mezani. Nikamtazama mtaalamu na kiazi chake. Nikageuka nyuma yangu, ukutani, kulikuwa na bango lingine, na hili halikuwa na lori mbele yake: MKUTANO MKUU WA MAWAKALA WA PEMBEJEO NA MBEGU BORA ZA VIAZI. Nikaona kola na mifuko, kurasa zangu mia tatu na kumi zimekatwakatwa chini ya mkasi, nikasema, "Mimi... mimi ni mwandishi. Nilikuwa natafuta wakala. Wa kitabu." Na kwa sababu sikujua la kufanya, nikafungua ule mfuko nikautoa mswada nikauinua juu, kana kwamba ni ushahidi.

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia hata harusini. Mtaalamu mwenyewe alikaa chini. Binti wa daftari alitoka nje kabisa. Nikaivua kofia, nikaiweka mezani kati ya viazi, nikaanza kushuka huku machozi yamekaa tayari, ndipo Mama Bupe aliposimama.

"Ngojeni kwanza! Huyo dereva alirudi?"

"Nini?" nikasema.

"Huyo aliyemzalisha mtoto wa watu mapacha. Alirudi, hakurudi?"

Na mimi, kwa kukariri kama kasuku, nikajibu, "Mwisho wa hadithi siruhusiwi kusema."

Ilikuwa makosa kusema hivyo. Waligeuka wakali, watu waliokuwa wanacheka sasa hivi! "Aa, haiwezekani!" "Umetuanzishia mwenyewe!" Mzee Ambakisye akagonga meza, akatoa hukumu kwamba kwa kuwa nimekula muda wa mkutano, niulipe kwa kusoma ukurasa wa kwanza. Nikasoma, "Tumaini alipanda viazi Jumatatu ya Pasaka, na ilipofika Pentekoste alikuwa akijaza magunia..."

Mikono ikainuka ukumbi mzima.

"Siku hamsini?" akasema mtaalamu. "Mama, viazi gani vya siku hamsini?"

"Kama mbegu hiyo unayo kweli, tuletee hiyo, achana na kitabu!"

Nikakiri mbele ya wote kwamba Kilolo nilikuwa naenda kwa bibi sikukuu tu, na viazi nilivijua kwenye sahani. Walinisahihisha sentensi moja kwa nusu saa. Mmoja alisema miezi mitatu na nusu, mwingine akasema inategemea mbegu, wakagombana, na chai ikachelewa kwa ajili yangu. Niliporudi kwenye kiti Mama Bupe akauchukua mswada mapajani mwangu bila kuomba, akasema, "Huu naondoka nao, namba yako naiona hapa juu. Nitakupigia." Nikamwachia, sikuwa na nguvu ya kubisha, na nakala nyingine ilikuwa kwenye kompyuta ya mume wangu hata hivyo. Nikarudi kwa Salma, akacheka mpaka akalala juu ya vitenge vyake vya kuuza.

Siku tisa zikapita bila simu, nami nikawa natazama mkasi. Siku ya kumi, nampima mteja kiuno, simu ikaita.

"Wewe Edina!" Ilikuwa sauti ya Mama Bupe, haina salamu. "Kwa nini Tumaini amemsamehe?"

"Mama, shikamoo..."

"Marahaba. Kwa nini amemsamehe? Mtu amekuacha na mapacha miaka sita, anarudi na mkungu wa ndizi, *mkungu mmoja*, unamfungulia mlango? Nimesoma dukani kwa sauti, watu wamekuja kununua mbolea wamekaa, hakuna anayeondoka. Sasa tumegawanyika. Huyu mzee hapa anasema ndizi za Tukuyu ni heshima kubwa. Hebu mwambie mwenyewe!" Na akampa simu mzee nisiyemjua, ambaye aliniambia nisimsikilize huyu mama, kusamehe ni jambo zuri, halafu mwanamke mwingine akamnyang'anya simu, akasema kama angekuwa yeye Tumaini angepokea ndizi na kufunga mlango.

Nilikaa chini, sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa, mteja wangu amesimama mikono juu na futi ya kupimia inaning'inia kiunoni, na nikalia kwa furaha, sifichi, nililia kama mtoto. Watu nisiowajua walikuwa wanagombana dukani Isyonje kwa sababu ya msichana niliyemtunga mimi. Mteja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna ndizi.

Wakala sijapata mpaka leo, ile nadhiri nimeivunja, ya kwanza maishani mwangu, na kitabu bado hakijatoka. Nimekirekebisha, mjomba mlevi nimemng'oa na udongo wake, na kila sura ninayomaliza inapanda basi kwenda Isyonje, inarudi na malalamiko. Kwa hiyo wewe unayeandika kwa kujificha, ukinitaka ushauri, huu hapa: kabla hujamtafuta wa kukupigia debe, mtafute kwanza mtu mmoja asiyekujua, umpe kurasa zako, ungoje kama atakukasirikia. Na choyo uache, kinaumbua. Mimi nimeapa kwamba sipandi tena jukwaa lolote, hata la kanisani kwetu, kabla sijamwinamia jirani yangu na kumuuliza, "Samahani mwenzangu, hivi hapa leo tunazungumzia nini?"