Mpaka Chungu Kipoe

Muuza manukato wa Kasulu alinipulizia mkononi. "Nusa, dada. Hii ina paini." Nikanusa, nikajikuta nimekaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa.

Siku ile, nikiwa bado mtoto, Bibi alikuwa amechemsha majani ya paini amfukize mama, aliyekuwa akikohoa tangu masika. Alimfunika blanketi pamoja na chungu, akaniambia nikalie pindo. "Usifunue mpaka chungu kipoe," akasema, akaenda kuchota maji.

Mama akapenyeza mkono nje, akashika kidole changu. "Nifunue, mwanangu. Pumzi inaniishia."

"Bibi amekataza, mama."

Nikalikalia lile pindo kwa uzito wangu wote, huku nikigusagusa chungu juu ya blanketi. Kilikuwa bado cha moto. Mkono wa mama ndio uliotangulia kupoa.