Mgeni Aliyeondoka Bila Kusindikizwa

Wenzangu mliokulia Tabora enzi zetu, mnakumbuka mgeni alivyochukua saa nzima kuondoka? Alianza kwa kujikohoza na kusema, "Haya jamani, ngoja niwaage." Mama akaruka: "Mbona mapema hivyo? Chai iko jikoni!" Mgeni akakaa tena, na kusema kweli hata viatu hakuwa amevigusa. Akaaga mara ya pili, akaambiwa jua bado kali. Mara ya tatu ndipo mama alipojifunga kanga na kusema, "Basi, tukutoe kidogo." Aliyeruka hatua hata moja alidhaniwa kakasirika. Baba hakuchoka kutuambia, "Umeingia kwa hodi, toka kwa ruhusa."

Kusindikiza nako kulikuwa na vipimo vyake. Pale kwetu Kanyenye, jirani alitolewa mpaka mlangoni. Rafiki wa mama alifikishwa kwenye duka la vitenge la Mzee Karim. Ndugu wa damu alipelekwa mpaka njia panda, yanapopita mabasi ya Nzega. Sisi watoto tulitangulia na kikapu, na hapo ndipo udadisi uliponitesa. Sebuleni wakubwa walizungumza mvua, tumbaku na nani kaoa wapi. Njiani sauti zilishuka, wakasimama, wakashikana mikono, mara mmoja anafuta machozi. Kwa nini hayo hawakuyasema walipokuwa wamekaa vizuri kwenye viti? Nikabuni ujanja wa kuinama kila baada ya hatua chache kurekebisha mkanda wa ndala, ili wanifikie. Wakinifikia, wananyamaza. "Hii ndala ina ugonjwa gani?" mama aliniuliza siku moja.

Jumamosi moja, nikiwa na miaka kama kumi, alikuja mama mdogo Tatu, mdogo wake mama aliyeolewa Nzega. Alituletea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, tukavitafuna mpaka taya zikauma. Yeye mwenyewe hakula kitu. Alikizungusha tu kikombe chake mezani. Alipoaga mara ya tatu, mama alikuwa jikoni, karai la maandazi ya maulidi likiwa motoni. Akanituma: "Mwambie anisubiri, natoa haya ya mwisho." Nje wenzangu walikuwa wakiniita kwenye mchezo wa rede, zamu yangu ya kukwepa mpira ilikuwa imefika. Nilijua kabisa kwamba mama akisubiriwa, kikapu nitabeba mimi mpaka njia panda. Nikamwambia mama mdogo, "Mama anasema uende salama."

Aliutazama mlango wa jikoni kwa muda. "Haya, mwanangu. Mwambie nimeaga." Akabeba kikapu chake mwenyewe.

Mama alipotoka akifuta mikono hakumkuta. Alikimbia peku mpaka njia panda, basi likawa limeshaondoka. Akarudi akaketi kizingitini. "Alikuwa na neno," alisema. "Mtu mwenye neno zito hulisema njiani, mkiwa bega kwa bega. Ana kwa ana ni vigumu." Hilo ndilo jibu nililolitafuta siku zote kwa ndala yangu, nikalipata siku niliyoharibu mambo.

Jumatatu mama alipanda basi la Nzega. Alirudi na mama mdogo, sanduku la bati na mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa amemfukuza. Alikuwa amekuja kwetu kuomba pa kukaa, na alipoachwa aondoke peke yake alidhani amekataliwa. "Nilisema, hata dada kanifungia mlango," alimwambia baba. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikatoka nikakiri, nikilia. Sikuchapwa. Adhabu yangu ilikuwa kumsindikiza kila mgeni mwaka mzima na kubeba kila kikapu. Mama mdogo akacheka, akasema angalau ile ndala itapona. Aibu ya siku ile ninayo mpaka leo.

Vijana wa sasa hawaagi. Wakitoka kwenye kikundi cha simu tunaambiwa tu kwamba fulani ameondoka, na sebuleni wanatoka vilevile. Wiki iliyopita alikuja mwanangu Seif, anayefanya kazi Nzega. Alikunywa chai nusu, akaanza kukizungusha kikombe. Nilikiona kile kikombe. Kabla sijafungua mdomo simu yake ikalia, bodaboda iko mlangoni. "Bai mama, tutachati!" Nilikuwa nimeshavaa ndala na kujifunga kanga, naye tayari ni vumbi linaloelekea Gongoni. Nikamwandikia: "Kuna jambo, baba?" Akanijibu kwa picha ya kidole gumba.

Nimeshakata tiketi ya basi la kesho. Nitapiga hodi kwake, nitakunywa chai, nitaaga mara tatu kwa utaratibu. Bodaboda sipandi. Atanisindikiza kwa miguu mpaka stendi, na nikiona tunakaribia hajasema kitu, mkanda wa ndala yangu utakatika.