Kesi ya Nyumba na Gari kwa Bosi Mdogo

Mtaani walimwita Bosi Mdogo, na walimwita hivyo kwa kumtania. Alikuwa dereva wa mkurugenzi miaka nenda miaka rudi, na gari alilolifuta kila asubuhi mpaka likang'aa halikuwa lake hata tairi moja. Jioni alikabidhi funguo kwa mlinzi, akarudi nyumbani kwa miguu na suti yake. Ukimkuta njiani ungedhani gari limemharibikia.

Mkewe alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa korido ya nyumba ya kupanga: kigoda kimoja, kioo kilichoegemezwa ukutani, na wateja waliokunja magoti ili wapangaji wengine wapite. Mwenye nyumba alikwisha kumwambia zaidi ya mara moja kwamba pale ni mahali pa kulala, biashara akafanyie kwingine.

Wawili hawa walijinyima hadi wakapata akiba ya kununua kitu cha maana. Kimoja tu. Mke akasema nyumba. Kulikuwa na kijumba kinauzwa pembeni ya mji, tena kina baraza. Mume akasema gari, na alilisema kama mtu aliyekwisha kuchagua rangi. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Ikabidi watumie sharti la shangazi. Siku ya harusi yao, shangazi wa mke aliwaambia kwamba wakikwama kwenye ubishi wabadilishane upande: kila mmoja atetee hoja ya mwenzake kwa moyo mweupe, na atakayeleta mzaha ataosha vyombo. Shangazi mwenyewe aliachika mara mbili, lakini sharti lake liliwafaa. Ndivyo walivyomchagulia mtoto shule, na ndivyo walivyoacha kununua mbuzi.

Mume akaanza, akakohoa kama wakili. “Nyumba kwanza. Huyu mama anasuka watu koridoni. Mtu akitoka chooni, mlango unamgonga kiwiko. Juzi nimemkuta amesimama nje juani, kitana mkononi, mteja kasukwa nusu kichwa, kisa mwenye nyumba ana wageni.”

“Kumbe uliniona?”

“Nilikuona. Nikapita njia ya nyuma, nisikutie aibu.” Akasahau uwakili wake. “Nyumba, mama watoto. Nyumba kabisa.”

Mke akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akachukua zamu yake. “Gari kwanza. Mume wangu anaendesha vizuri, nasikia. Nasikia tu! Mkurugenzi anasinzia kule nyuma kama mtoto mchanga. Mke wa mkurugenzi anajua. Hata mbwa wao anajua. Mimi ninayempigia pasi hilo shati sijawahi kukaa kando yake ameshika usukani, hata kwenda sokoni.”

Mume hakuwahi kudhani kuna mtu mwingine aliyekuwa akitaka wanunue gari, na moyo wake ulijaa.

Kesho yake kukawa na balaa jipya. Kila mmoja alikuwa ametetea vizuri kupita kiasi. Sasa mume ndiye aliyeng'ang'ania nyumba, na mke hataki kusikia lolote ila gari. Sharti la shangazi lilikuwa halina dawa ya watu wanaoshindwa wote wawili. Jirani wa ukuta wa pili, aliyekuwa akifuatilia kesi tangu mwanzo, alichanganyikiwa hadi akaja kuuliza nani anataka nini.

Mwenye nyumba ndiye aliyeikata kesi. Alikitoa kigoda na kioo, akaviweka uani. Mke akavitazama, akavuta pumzi.

“Haya, baba watoto. Umeshinda.”

“Nimeshinda upande wako,” mume akamjibu, na wote wakacheka, ingawa mke alicheka kidogo.

Siku ya kuhama, mume aliazima pikapu ya rafiki yake fundi. Mke akapanda mbele, kioo mapajani.

“Breki! Breki!”

“Lile gari limeegeshwa, mama watoto.”

“Litaondoka! Na mbona unakimbia hivi?”

“Tumepitwa na baiskeli.”

Safari nzima mke alikanyaga sakafu kana kwamba kuna pedali, akashika mlango, akamwonyesha mashimo ambayo mume alikwisha kuyakwepa. Mkurugenzi hakuwahi kumtesa namna ile. Walipofika, Bosi Mdogo alizima injini akishukuru kimoyomoyo kwamba wameanza na nyumba, akazunguka upande wa pili, akamfungulia mkewe mlango kwa adabu zote za kazini.

Mke hakushuka. Aliliangalia baraza lake, akalipenda, akaridhika nalo. Kisha akakisogeza kioo vizuri mapajani na kuufunga mkanda upya.

“Funga mlango,” akasema. “Vitanda vitangoja. Hebu nizungushe tena, safari hii nitanyamaza.”