Nilisema Sina Mtu Dakar

Niliondoka Likasi kwa ajili ya mjukuu, ingawa majirani wote niliwaambia naenda kutalii. Binti yangu Mbombo, aliyekwenda Senegali kusoma, alikuwa amejifungua mtoto wa kike huko Dakar, na hakuwa na mtu wa kumkanda kwa maji ya moto. "Mama, kuya," aliniambia kwenye simu, yaani njoo. Mama gani anaitwa hivyo akakaa?

Tatizo lilikuwa mbuzi. Sisi ni watu wa asili ya Kasai. Babu zetu waliletwa Katanga kwa kazi ya migodi, wakaja na desturi zao. Binti yako akiolewa, wewe mama hupewa mbuzi wako, na kabla ya mbuzi huyo huli wala hulali nyumbani kwa mkwe. Lamine, kijana wa Dakar aliyezaa na Mbombo, hakuwa ametoa mbuzi wala mahari yoyote. Shemeji yangu Kabeya, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa amekata shauri: "Mali haiyafika. Muntu wa hii nyumba hatakanyaga kule."

Basi nikajiona mjanja. Kwa mtu wa kompyuta karibu na soko nilijaziwa ombi la viza ya utalii, nikawekewa na chumba cha hoteli huko Dakar. Usiku nitalala hotelini, nikajiambia, mchana nitamkanda mwanangu, na hakuna atakayesema nimelala kwa mkwe asiyelipa. Kabeya nilimwambia naenda kuona bahari. Alinitazama, akasema, "Bahari? Na ziwa ya hapa inakushinda nini?"

Asubuhi ya safari ya Lubumbashi, kwenye ofisi ya viza, basi liliondoka Likasi likifuata malori ya madini, nasi tukala vumbi lao kilomita nyingi. Huku nyuma jirani zangu walikuwa wameshaniaga kwa wimbo. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, na nakiri nilijisikia mtu.

Kapolowe basi lilisimama, na wanawake wakaja madirishani na samaki wa kukaushwa kwa moshi kutoka ziwa Tshangalele. Nilinunua fungu zima, kana kwamba viza iko mfukoni tayari.

"Unapeleka ku nani, mama?" akaniuliza muuzaji.

"Ku mutoto yangu. Alizala."

Akafurahi kama ni ndugu yake, akaniongezea samaki mmoja wa bure. Kwa mwanamke huyo nisiyemjua ukweli ulinitoka bila shida.

Lubumbashi nilifikia Katuba, kwa mdogo wangu Astride. Yeye peke yake alijua ninakokwenda hasa. Alinipikia bukari, ugali wetu, na mboga, akanisukia nywele, akasema, "Yaya, ukifika, ubusu ule mutoto mara mbili, moya ni ya minye."

Kesho yake nilikaa kwenye foleni ya ofisi ya viza. Dirishani alikuwepo dada mmoja wa hapo hapo mjini, rika la Mbombo, sauti yake laini. Alifungua pasipoti yangu, akatazama kompyuta yake.

"Maman Ngalula, kule Dakar uko na muntu? Famille, rafiki?"

Nilifikiri juu ya Kabeya. Nilifikiri juu ya hoteli yangu.

"Sina na muntu. Naenda tu kutembea. Touriste."

"Hata muntu moya?"

"Hata moya."

Akageuza kompyuta upande wangu, taratibu, ili wa nyuma wasione. "Sababu iko monsieur moya mwenye alituma attestation ya kukupokea ku nyumba yake. Lamine. Alitia na acte de naissance, karatasi ya kuzaliwa ya mutoto. Mutoto anaitwa Ngalula, sawa weye." Akaniangalia. "Maman, unamujua?"

Sikuwa nimejua kwamba wamempa jina langu, mimi nkambo, bibi yake. Hata Mbombo hakuniambia. Baadaye nilielewa kwamba walitaka nilikute jina hilo huko huko. Moyo ulinipasuka kwa furaha na kwa hofu pamoja, na nyuma yangu mtu alikohoa, na uongo wangu wa kwanza ulikuwa bado haujapoa. Ndipo nikaongeza wa pili.

"Simujue."

Hakunikaripia. Heri angenikaripia. Alirudisha kompyuta mahali pake, akanisogezea pasipoti. "Siwezi kutuma dossier yenye inasema mambo mbili, maman. Enda upumuzike. Ukuye na ingine, ya kweli."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye dirisha lile.

Jioni, Katuba, nilimwambia Astride kwamba wanataka karatasi nyingine. Simu ikalia, ni Mbombo. Niliiacha ilie. Astride akaipokea, akaweka sauti ili wote tusikie.

"Mama, balikubali? Lamine alituma bikaratasi byote. Alisema hataki bakuone ku ofisi sawa muntu hana na batu."

Astride alinitazama usoni, akaelewa yote. Mimi niliingia chumbani, nikakaa karibu na sanduku lililonuka samaki. Niliona aibu hata ya mikono yangu, mikono iliyotaka kumwogesha mtoto ambaye mdomo wangu umemkana.

Siku iliyofuata, njiani kurudi, basi lilisimama tena Kapolowe. Nilimwona muuzaji wangu akipita dirisha kwa dirisha. Nikajifunika kitenge, nikajifanya nimelala.

Likasi sikwenda nyumbani. Nilimfuata Kabeya kwake, nikamsimulia mbele ya mkewe, neno kwa neno, pamoja na lile neno la dirishani. Alitikisa kichwa.

"Na ile mbuzi?" akauliza.

"Shemeji, ile mbuzi ni ya nani?"

"Ya mama ya mutoto."

"Basi ni yangu. Nitaingoya. Mali yenu mutaongea na Lamine. Lakini minye nitalala kwake."

"Batu watasema."

"Baseme. Minye nilisha kusema mubaya kupita bote."

Hakunibariki. Lakini niliposimama alimwambia mkewe anisindikize hadi barabarani, na sanduku langu akalibeba yeye Kabeya mwenyewe.

Siku hizi naandaa ombi jingine, la kutembelea familia, na attestation ya Lamine iko juu kabisa. Mficha uchi hazai, husema wakubwa. Mimi nilizaa, nikaja kumficha mjukuu. Hilo ndilo nililojifunza kwa safari isiyovuka hata mpaka mmoja, na sijivunii.

Jana nilimpigia Mbombo, nikamweleza nilichosema.

"Mama," akasema, "usiniambie minye. Ambia yeye."

Akaweka simu sikioni mwa mtoto. Nikasikia pumzi, ndogo, ya haraka.

"Ngalula," nikasema. "Ni minye, nkambo yako. Nakujua."